Nilivyofukuzwa Kwenye Usaili Usio Wangu

Leo nimetolewa kwenye chumba cha mtihani nikiwa nimeshikwa mkono kama mwizi wa kuku, kwa kosa la kuibia jibu. Mimi, mama wa watoto wanne. Na mtihani wenyewe haukuwa wangu.

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu pale uwanjani kwa masista palikuwa na watu wa kijiji cha Keza, na watu wa Keza mnawajua. Habari yako inafika nyumbani kabla hujafika wewe.

Devota wangu yuko darasa la saba, hilo mnalijua. Hali ya shule yetu tangu wakimbizi waje na kambi zifunguliwe mnaijua pia. Mashirika yanatafuta watu wanaojua kusoma na kuandika, na mshahara wao si wa kulinganisha na wa serikali. Walimu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wa Kiingereza sasa anapima mahindi ya mgao. Wa sayansi amekuwa mkalimani. Kwa madarasa ya juu amebaki Mwalimu Bosco peke yake. Anafundisha hesabu huku, anakimbilia chumba cha pili kufundisha jiografia, akirudi anakuta watoto wameshapigana.

(Siwalaumu. Baba Devota mwenyewe anabeba magunia kambini, na ada ya Devota itatoka kwenye magunia hayo hayo.)

Kwa nafasi za sekondari za serikali, mtoto wetu mmoja akichaguliwa tunapiga vigelegele kijiji kizima. Kwa hiyo niliposikia kwamba sekondari ya masista, upande wa Biharamulo, inafanya usaili wake yenyewe, nilimkamata Devota. Kuchota maji nikamwondolea. Kuchunga mbuzi nikamwondolea. Badala yake, kila nilipomwona namtupia hesabu. Akikosea namwambia, "Mtihani ni kukaa kwenye kiti na kushika kalamu. Mimi nashika jembe juani. Kipi kigumu?"

Alikuwa anang'ata kucha.

Leo tumetoka alfajiri kwa miguu hadi barabara kubwa. Njiani nikamfanyisha mazoezi ya kusema, maana nilisikia masista hawapendi mtoto anayechanganya herufi.

"Sema, nimekuja na karamu yangu."

"Mama, ni kalamu."

"Ndivyo nilivyosema."

"Umesema karamu. Hiyo ni sherehe."

(Lugha yangu ni Kihangaza. Kiswahili nilikikuta shuleni, na nilipomaliza shule nikakiacha huko huko.)

Tulipata lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kupeleka mahindi kambini, dereva akatushusha karibu na geti la shule. Uwanja ulikuwa umejaa. Upande mmoja wasichana na wazazi wao, upande mwingine watu wengine wengi tu, wameshika vyeti kwenye bahasha. Sista mkuu wa shule, mama mfupi mwenye miwani, alitoka barazani akawachukua wasichana wote na kuwapeleka chumba cha mwisho. Kabla hajaondoka akatugeukia.

"Wazazi msiende mbali. Na ninyi mna usaili wenu, mtaitwa."

Kumbe ni kweli. Jirani yangu alikuwa ameniambia kwamba siku hizi wazazi nao wanasailiwa, nikadhani ananitisha. Nikaenda nyuma ya tangi la maji kuosha vumbi miguuni na kuvaa viatu, nisije kuonekana nimetoka shambani. Niliporudi, wazazi wenzangu siwaoni. Namwona kijana mmoja mwenye fulana nyeupe amesimama kwenye mlango wa darasa la kwanza.

"Wa usaili, ingieni. Nafunga mlango."

Nani angebaki nje? Nikaingia mbio.

Nilishangaa kidogo kuona wanaume wengi, tena vijana wasio na dalili ya kuwa na binti wa sekondari. Nikasema moyoni, labda ni kaka na wajomba. Nikakaa kwenye dawati la nyuma. Karatasi ikaja. Juu yake kulikuwa na herufi tatu kubwa. Hazikunishtua, maana tangu kambi zije kila kitu kina herufi tatu.

(Mliokwisha kuelewa, nyamazeni. Mimi nilikuwa sijaelewa.)

Swali la kwanza lilikuwa jina na mahali unapotoka. Hilo nililimaliza vizuri sana. La pili liliuliza, "Una uzoefu gani katika kazi hii?" Nikafikiri, kazi gani? Nikajijibu, kazi ya kulea, si ndiyo iliyotuleta hapa? Nikaandika: "Tangu Devota azaliwe. Sijawahi kupewa likizo."

La tatu: "Ukimkuta mtu amepanga foleni mara ya pili kuchukua chakula, utachukua hatua gani?" Nikawaona wanangu wote wamesimama na sahani. Nikaandika: "Nitamwuliza kama kweli hajashiba. Akisema hajashiba nitamwongeza. Lakini akiwa yule wangu wa pili simwongezi, huyo ni mlafi." Nililiona ni swali zuri. Nikasema masista hawa wana hekima, wanataka kujua mtoto anatoka nyumba ya namna gani.

La nne: "Kwa nini unaitaka kazi hii?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikaandika ukweli wangu.

La tano ndilo lililoniua. "Familia ya watu wanne inapata robo ya gunia la mahindi. Kwa kipimo hicho hicho, familia ya watu sita itapata sehemu gani ya gunia?"

Mahindi nayajua. Magunia nayajua. Familia ya watu sita ni yangu. Lakini yule kijana wa fulana nyeupe alianza kutembea kati ya madawati, taratibu, na kila alipofika nyuma yangu akili ilikuwa inazima. Nikakandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Nilikuwa nasikia watu wanaandika, krr, krr, krr, kila mtu anajua ila mimi. Nikajaribu kukumbuka hesabu za sehemu zinafanywaje. Nikakumbuka ukuta wa darasa letu la zamani, nikakumbuka na fimbo ya mwalimu. Sehemu zenyewe hazikuja.

Nikageuza macho kidogo tu, upande wa kulia.

Dawati la pili alikuwa ameinama Mwalimu Bosco. Mwalimu wetu, na shati lake la Jumapili. Nilifurahi kama nimemwona ndugu yangu ugenini. Kwamba mwanawe hajaanza hata darasa la kwanza, wala sikulifikiria. Nilifikiria jambo moja: huyu ni mwalimu wa hesabu. Nikanyoosha shingo. Alikuwa ameandika "theluthi". Nami nikaandika theluthi, kwa mwandiko mzuri kuliko majibu mengine yote.

Akainua uso, akaniona. Alishtuka kama amekutana na marehemu.

"Mama Devota," akanong'ona, "unafanya nini huku?"

"Unachofanya wewe," nikamnong'oneza.

"Unataka kazi kambini?"

Nikawa sijaelewa, na sikupata nafasi ya kuelewa, kwa sababu fulana nyeupe ilikuwa imesimama juu yetu. Msimamizi akachukua karatasi yangu, akaitazama ya Mwalimu Bosco.

"Theluthi na theluthi. Nani amemwibia mwenzake?"

Mwalimu Bosco aliinamisha kichwa. Nikasema, "Mimi ndiye niliyechungulia. Huyu alikuwa anaandika kivyake."

Sikupewa muda wa kuongeza neno. Nilishikwa mkono, mlango ukafunguliwa, nikatolewa nje kwenye jua. Na nje, wenzangu, ndipo walipokuwa wazazi wote. Kumbe walikuwa wamekwenda kubeba viti kanisani, na sasa wamevikalia chini ya baraza, wanaitwa mmoja mmoja ofisini. Wasichana nao walikuwa wamemaliza mtihani wao, wamesimama mstari. Wote wakageuka.

"Huyu mama asirudi tena humu," msimamizi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ameibia."

Sista mkuu akatoka na orodha mkononi. "Huyu ndiye mama yake Devota? Tumemwita mpaka tumechoka. Amefanya nini kwenu? Huyu ni mzazi wangu."

"Alikuwa anafanya usaili wetu, Sista. Wa kupata kazi ya ugawaji wa chakula."

Hapo ndipo nilipoelewa, mbele ya watu. Kwamba shirika lilikuwa limeazima darasa. Kwamba bahasha zile zilikuwa za watu wanaotafuta kazi. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Biharamulo wakati wa kiangazi ni ngumu.

Msimamizi akaitazama karatasi yangu kama mtu asiyeamini. Halafu, sijui ni shetani gani aliyemtuma, akaisoma kwa sauti.

"Kwa nini unaitaka kazi hii? Sikuiomba, ilikuja yenyewe. Ila sasa nimeizoea, na sina mtu wa kumwachia."

Baba mmoja mwenye baiskeli akaanza kucheka, akafuata mwingine, mwishowe baraza zima lilikuwa linacheka mpaka wengine wanafuta machozi. Sista alijifunika mdomo kwa orodha yake, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nikamtafuta Devota kwa macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Tukaingizwa ofisini, mimi na yeye.

"Shikamoo, Sista," nikasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Keti, mama. Pole. Mtihani ulikuwaje?"

Nilidhani ananidhihaki, kumbe aliuliza kweli. Nikamwambia ulivyokuwa. Kalamu inatoboa karatasi. Mtu akipita nyuma yako unasahau hata jina la mumeo. Kila mtu anaandika ila wewe. Devota akaniinulia uso.

"Na wewe, Mama?"

"Na mimi."

"Mimi huwa hivyo kila siku," akasema. "Nilidhani nina ugonjwa."

Miezi yote ile nilikuwa nafikiri ninamsaidia.

Sista akafungua karatasi ya Devota. Kiswahili alikuwa ameandika vizuri. Hesabu alianza vizuri, halafu ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe kabisa.

"Hizi sehemu hamjafundishwa?"

"Tulianza, Sista. Tukaishia katikati."

"Mwalimu wenu wa hesabu ni nani?"

Devota akanitazama. Kupitia dirisha naliona darasa lile, mlango wake umefungwa tena.

"Yuko mle ndani, Sista," nikasema. "Anafanya mtihani."

Sista akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. "Na mimi wamenichukulia walimu wawili," akasema. "Watu wale wa kambini wana njaa kweli, na mahindi yao lazima yapimwe na mtu. Sijui niombe nini."

Akaandika kitu, akamgeukia Devota. "Nafasi nitakupa. Lakini kabla hatujafungua shule, urudi ufanye ukurasa huu mweupe mbele yangu. Wewe na mimi tu, na hakuna atakayesimama nyuma yako. Mama yako atakaa nje." Kisha kwangu: "Ada mnaweza kuanza na maharage. Ila yawe yamepepetwa."

Nilishukuru mpaka nikaishiwa Kiswahili, nikaendelea kwa Kihangaza.

Tulipotoka, Mwalimu Bosco alikuwa amesimama karibu na geti peke yake, bahasha yake imelowa jasho. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno. Nilikuwa nimeyapanga kabisa tangu ofisini. Lakini alinisalimu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Umefaulu, Mwalimu?"

"Watatuita. Mama Devota, mshahara wetu wa shule umechelewa tena. Mke wangu anakaribia kujifungua."

Maneno niliyopanga nikayaacha. Mume wangu yuko kambini huko huko, kwa sababu hizo hizo.

"Devota anatakiwa kujua hesabu za sehemu kabla shule hazijafunguliwa," nikasema.

"Mpaka watakaponiita, nitakuja kwako jioni. Walete na wenzake." Akatazama chini. "Halafu kuna jambo. Lile jibu ulilochukua kwangu."

"Theluthi."

"Si theluthi. Nimekumbuka baada ya kukusanya karatasi. Yule kijana alikuwa ananisimamia mgongoni."

Tulipokuwa tunasubiri lori, Mwalimu akaokota kijiti, akachora gunia kwenye vumbi na kuligawa. Devota akachuchumaa. Robo kwa watu wanne, kwa hiyo mtu mmoja anapata kipande kimoja katika vipande kumi na sita. Devota alihesabu kwa kidole, akafuta, akahesabu tena, na hakuna aliyemharakisha.

"Sita juu ya kumi na sita," akasema. "Ukipunguza ni tatu juu ya nane."

Mwalimu Bosco akatikisa kichwa kukubali. Halafu Devota akanigeukia, na ndipo alipoanza kucheka, kicheko alichokuwa amekishikilia tangu barazani. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sketi ya shule. Nikamwacha. Nikakaa naye.

Kwa hiyo, wenzangu, mambo ndiyo hayo. Nimefukuzwa kwa kuibia jibu, na jibu lenyewe halikuwa sahihi. Anayetaka kunicheka simkatazi, ila kwanza akakae kwenye lile dawati la nyuma, asimamiwe mgongoni, ndipo aje acheke.