Kijani cha Mkurugenzi

Idara ya Mandhari ina furaha kuutangazia umma kwamba kilima cha mji wetu, baada ya kusimama pale miaka yote bila kibali, kimeidhinishwa rasmi kuwa kizuri. Mimi, Naibu Mkurugenzi, ndiye niliyekikagua. Nilikitazama kupitia dirisha la ofisi, nikaridhika.

Kilichobaki ni kukichora. Tulimwita Bi Turubai, mama anayechora kwa rangi za mafuta barazani kwake, mtaa wa chini, ambako mabomba yalikuwa yamekauka tangu kiangazi kianze. Picha ilitakiwa ukumbini kabla ya ziara ya Waziri.

Alipoileta, Mkurugenzi alikunja uso. Kilima kilikuwa kahawia iliyopauka, kijivu cha majivu, na udongo wa rangi ya kiatu kikuukuu. Ila pale juu, mgongoni, palikuwa na kipande cha kijani kinachowaka mpaka macho yanauma.

"Mama, mbona hizi rangi zimenuna hivi?"

"Kilima chenyewe kimenuna, mwanangu. Nimechora nilichokiona."

"Kuona ni jukumu la Idara. Wewe kazi yako kupaka."

"Haya. Na hicho kijani nikifute?"

"Ukikigusa tutagombana! Hicho ndicho kijani cha maendeleo. Kishushe mpaka huku chini."

"Huku chini ni kwetu. Hatuna hata tone la maji. Nikipapaka kijani, majirani zangu watanionaje?"

Alifunga brashi zake kwenye kitambaa, akasema yeye hapaki uongo, tutafute mwingine. Mwingine hakuwepo. Kikao cha dharura kikaazimia kwa kauli moja kwamba picha ilivyokuwa ndivyo tulivyoitaka tangu mwanzo. Niliiamuru rangi ikauke kabla ya ziara. Rangi ya mafuta haina nidhamu. Ilikauka ilipotaka yenyewe.

Siku ya ziara ukumbi ulifurika. Tuliwaalika hata watu wa mtaa wa chini, maana makofi yalihitajika. Mkurugenzi alimkalisha mama mkwe wake kiti cha mbele, akaifunua picha, akakisifu kile kijani mpaka jasho likamtoka.

Waziri alisogea karibu. "Kinapendeza kweli. Ni wapi hapa?"

Mkurugenzi akababaika. Yeye hupanda kilimani kwa barabara ya nyuma, ndani ya gari la vioo vyeusi. Hajawahi kukitazama kilima kutokea chini. Sisi wengine tulipajua, lakini kujua si jukumu la naibu.

"Jamani, si shambani kwetu hapo!" Mama mkwe alisimama, uso umemchangamka. "Huyu mkwe wangu ana moyo, Mheshimiwa! Bomba zima la mji kaligeuza lije kwetu. Maji hayakatiki. Mpaka bata wangu wana bwawa lao."

"Mama, basi," Mkurugenzi alinong'ona.

"Basi nini? Nimesema uongo?"

Hakuna aliyepiga makofi. Waziri akakumbuka kwamba ana safari. Bi Turubai akainuka kutoka safu ya nyuma, akajifunga kanga kiunoni.

"Majirani, tumekaa sana," alisema. "Twendeni."

Walipanda na majembe. Fundi bomba wa mtaa alitangulia, akachimba, akaligeuza bomba lirudi lilikotoka. Mimi niliwafuata kwa ajili ya ukaguzi, na kwa kuwa kwangu nako palikuwa pakavu, nilikagua nikiwa na madumu yangu mwenyewe.

Jioni, mtaa wa chini ulikuwa umepanga foleni kwenye bomba, nami nikiwamo. Mkurugenzi naye alishuka kutoka shambani, ndoo mkononi, akapita watu wote mpaka mbele.

"Mimi ni Mkurugenzi," alisema.

Aliyekuwa akikinga maji ni mama mkwe wake. Hata hakugeuka.

"Baba, panga foleni kama wenzako. Hapa watu wametoka mbali."

Akarudi kinyonge, akasimama kando yangu, akaniangalia kwa jicho lile la ofisini linalosubiri kupishwa.

Nilivuta madumu yangu hatua moja mbele.