Sambusa za Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya tisa Mama hali chakula. Mama mkwe, namaanisha. Bi Hasna, mzaa chema, aliyenizalia Ashura wangu. Alihamia kwetu Katubuka mwezi uliopita kutoka Ujiji, presha ilipompanda, na zahanati wamemkataza vitu vya kukaangwa. Ashura anampelekea chumbani ndizi za kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, samaki wa mgebuka wa kuchemsha. Sinia linarudi kama lilivyokwenda. Leo kala vijiko viwili akasema ameshiba. Vijiko viwili!

Shemeji Haruna kapiga simu kutoka Kasulu. Anakuja Ijumaa baada ya swala, na akimkuta amekonda anaondoka naye. Eti hatujui kutunza. Sisi! Mimi ndiye niliyepiga marufuku Mama asishike hata mwiko. Miaka thelathini amekunja sambusa za harusi za Ujiji, sasa zamu yake kulala na kuletewa. Haruna anataka atunzwe vipi tena?

Haondoki mtu. Naandika kwa sababu daftari hili halisomwi: nampenda mama huyu. Nilipokwenda kuposa, wajomba wote walinikataa kwa ajili ya ile mashine yangu ya kumenya karanga, iliyong'oa ukucha wa mjomba mdogo. Yeye peke yake alisema waniache, huyu kijana angalau anajaribu. Miaka kumi na saba sijamtazama usoni wala sijala naye, kama adabu ya mkwe inavyotaka. Habari zote hupitia kwa Ashura. Lakini sijasahau.

Nimemtuma Ashura akaulize roho yake inataka nini. Jibu: sambusa za dagaa, kama za ile hoteli ya Bangwe.

Basi nitatengeneza sambusa zisizoonja mafuta. Mimi ni fundi wa pasi na feni, moto naujua.

Nimemweleza jirani Feliksi, mpishi wa hoteli hiyohiyo. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema sambusa bila mafuta si sambusa, ni bahasha. Na kwamba mama mkwe akimaliza moja tu, atakuja kijiweni kunipa shikamoo mbele ya watu. Feliksi ananizidi miaka sita! Nimekubali papo hapo.

Jumanne, 3 Septemba

Ufukoni Kibirizi asubuhi. Ni giza la mwezi, dagaa wamejaa. Nikawatazama pale kwenye vichanja, wakavu, wanavunjika kwa kidole, na hakuna aliyewatia mafuta. Jua tu! Kwa nini sambusa nayo isikauke vivyo hivyo? Ajabu hakuna aliyewahi kufikiri.

Winfrida, anayeanika pale, kanipa kona ya kichanja chake. Nikapanga sambusa kumi na mbili. Manda za Ashura, dagaa waliokaushwa na kitunguu na pilipili, mkunjo wangu mwenyewe. Wanawake wa vichanja vyote wakaja kuangalia. Mmoja kaniuliza kama zimevuliwa Burundi.

Saa sita upepo wa ziwa. Mchanga. Saa saba kunguru. Mmoja kachukua sambusa, karuka nayo mpaka juu ya bati, kaionja, kaiacha. Kunguru!

Nimeokoa tano. Nimempelekea Mama mbili zilizo safi kiasi. Ashura karudi na habari: kauma mara moja, kakuta mchanga, kauliza nani amekunja, maana kona ya tatu iko wazi. Kauma! Jana alisema ameshiba, leo anauliza mkunjo!

Jumatano, 4 Septemba

Jua halina adabu, linaleta na kunguru. Kinachotakiwa ni upepo wa moto ndani ya chombo. Nimekwenda kwa Agnesi wa saluni, nikamwahidi kumtengenezea pasi ya nywele, kanipa draya ya mkono. Nikatoboa debe, nikapanga sambusa, nikaingiza mdomo wa draya, nikawasha.

Saa nzima na nusu. Feliksi kasimama kwenye uzio anauliza kwa sauti kubwa kama sambusa zangu zimeshawekwa rola. Nimemdharau.

Zimetoka kavu. Ngumu kidogo. Nilipogonga moja mezani, Ashura kadhani ni mgeni anabisha hodi. Mama kanusa tu, karudisha salamu kwamba sambusa inanukia bibi harusi. Ni mafuta ya nywele, yameganda ndani ya draya. Hitilafu ndogo.

Kauliza tena nani amekunja. Kasema huyo mtu anahitaji kuonyeshwa. Nimemjibu kupitia kwa Ashura asijihangaishe hata kidogo, alale.

Jioni nimemwona kwa mbali akienda kutawadha. Amepungua kweli. Khanga inamzunguka mara mbili. Nimeogopa.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku ya mwisho kabla ya Haruna. Na Ashura kaenda msibani Ujiji tangu asubuhi! Nyumbani mimi na mama mkwe tu, yeye chumbani, mimi uani, kila mtu anakohoa ili mwenzake ajue alipo.

Nimeisugua draya kwa sabuni, nikalijaza debe upya. Baada ya nusu saa debe likaanza kutoa moshi. Nikalishika. Kwa mikono. Nikapiga ukelele uliosikika kwa Feliksi.

Mama katoka. Nikageukia ukuta upesi, vidole mdomoni. Nikasikia kibao kinavutwa. Kakaa kanipa mgongo, kajifunika khanga, kasema, Baba Safina, nipe hizo manda. Miaka kumi na saba, ndiyo mara ya kwanza kusema nami bila mtu kati! Nikazisukuma kwa mguu, kinyumenyume. Sinia, namaanisha, si manda.

Kakunja sambusa thelathini huku akisimulia harusi moja ya zamani ambapo bwana harusi alikula kumi na nane akashindwa kusimama kwa picha. Kacheka mwenyewe. Sikujua kwamba Mama anacheka. Kaniamuru niwashe makaa, nitie mchanga ndani ya sufuria kubwa, niweke sahani ya bati juu yake, sambusa juu ya sahani, nifunike, nimwage makaa mengine juu ya mfuniko. Kachovya kidole katika mawese, kapaka, tone moja kwa sambusa nne. Makaa yakazubaa. Kasema nilete ule upepo wangu.

Upepo wangu! Nikapuliza makaa kwa draya mpaka yakawa mekundu.

Zimetoka rangi ya dhahabu. Tumekula tumepeana migongo. Nimesikia yake inavunjika mdomoni. Kisha ya pili. Ya tatu. Machozi yakanitoka, kwa sehemu moshi.

Draya! Nilijua tangu mwanzo ni draya.

Ijumaa, 6 Septemba

Haruna kafika saa nane na gari, sura ya hakimu. Kamkuta mama yake uani, unga mpaka kwenye viwiko, anamgombeza Ashura kwa ajili ya kona ya tatu. Kamwambia Mama afungashe. Mama kamwambia anawe mikono akate vitunguu. Kakata. Kalia. Saa kumi na moja kaondoka peke yake, kaenda kulala kwa rafiki yake huko Bangwe, maana ana shughuli mjini mpaka Jumatatu.

Feliksi kaitwa kuonja. Kala nne, kalamba vidole. Kisha kanifuata kijiweni, mbele ya watu wote, kasema shikamoo! Nikaitikia marahaba taratibu, ili waliokuwa mbali wasikie. Baadaye kaniuliza kwa sauti ya chini mkono gani umezikunja. Nikamwonyesha draya.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetulia, nimefikiri. Mpango una kasoro moja tu: Mama anafanya kazi. Siku tatu mfululizo yuko kwenye kibao tangu alfajiri, anakunja, anaimba, anagombeza, anawaita majirani waonje. Umri ule! Anakula vizuri sasa, amepata nguvu. Ndiyo wakati wa kumpumzisha.

Kwa hiyo naunda mashine ya kukunja manda. Nina bati, nina springi za feni mbovu, tundu la kona ya tatu nimelichora tayari. Nimemtuma Ashura amwambie Mama kwamba kuanzia kesho hatashika tena hata manda moja. Arudi chumbani, alale, sinia atapelekewa kama zamani. Anastahili.

Ashura kashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha ikizidi, mtu hutafuta pa kushika.

Nimeanza kukata bati. Kutoka hapa nilipo nasikia Mama chumbani akimpigia Haruna simu, akimuuliza kama gari bado liko mjini, na kesho linaondoka saa ngapi. Mama huyu! Hata mashine haijaisha, keshaanza kumwandalia mwanawe sambusa za safari.