Paka Dawa Mara Tatu kwa Siku

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepigwa na butwaa. Mwezi mzima tangu niache kazi kwenye kliniki ya wanyama, na Daktari hajanipigia simu hata mara moja kuniomba nirudi! Miaka kumi na minne nimemshikia mbwa wasimng'ate. Leo nimekwenda mwenyewe. Si kurudi, ng'o! Nimempelekea barua aitie sahihi, kwamba ananisimamia nikiwahudumia wanyama majumbani mwao. Bila sahihi ya daktari, muuguzi wa wanyama ni mtu tu mwenye mkoba.

Hakutia. Akasema nifanye wiki hii kwa majaribio. Kama hakuna lalamiko litakalomfikia mpaka Jumamosi, atasaini. Likimfikia hata moja, basi, nikauze vitunguu. Bibi Daftari wa mapokezi, anayeandika kila kitu mpaka chafya za wateja, akafungua ukurasa mpya mbele ya macho yangu. Jina langu juu. Akalipigia mstari mara mbili!

Sawa. Nina mpango. Kinachokula muda kwenye kazi hii ni kuandika maelekezo: sekunde arobaini kila dawa. Nimechapisha lebo mia mbili, zote zinasema PAKA DAWA MARA TATU KWA SIKU. Nimeokoa saa mbili na dakika kumi na tatu za maisha yangu. Mama mkwe akauliza kama wanyama wote wa mji huu wanaumwa ugonjwa mmoja. Nikamweleza kuwa asilimia themanini ni vidonda na upele. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Kwa sauti ile ile anayomsifia nayo mtoto aliyemwaga maziwa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mteja wa kwanza: mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nyumba safi, vitabu mpaka chooni. Mbwa mkubwa mpole, kidonda mguu wa nyuma, sentimita tatu kamili. Nimekiosha, nimenyoa manyoya pembeni, nimempa tyubu ya dawa yenye lebo. Dakika ishirini na sita, mbwa hajalia hata kidogo. Juu ya kabati alikaa paka mweupe akitutazama kama mkaguzi. Sikumjali. Hakuwa kwenye orodha.

Mwalimu alisoma lebo mara mbili. Akatazama juu ya kabati. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Mwalimu, miaka kumi na minne! Akauliza, je, akikataa? Nikasema mshike imara, mviringishie taulo, usimwonee haya. Akaandika yote. Mteja msikivu kama huyu hata kliniki hawajawahi kumpata.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Aibu. Fundi cherehani ana mbwa aliyenenepa. Mizani yangu ni ya watu, kwa hiyo napanda nikiwa nimembeba, kisha napanda peke yangu, natoa. Tulikuwa kilo tisini na nane. Nikashuka, nikapanda peke yangu. Fundi, wateja wake wanne na mbwa mwenyewe wakainama kusoma. Sabini na tisa! Mbwa ni kilo kumi na tisa, lakini nani alimjali mbwa? Mteja mmoja akasema dada, anayehitaji kupunguza chakula hapa ni nani hasa? Wakacheka mpaka pini zikamwagika.

Nikiwa bado nakusanya heshima yangu, Mwalimu akapiga simu. Mgonjwa anakataa dawa. Amempiga makucha mkononi, mistari minne. Nilishangaa. Mbwa mpole vile! Nikamwambia asilegeze kamba, mara tatu ni mara tatu. Akasema sawa binti. Nina miaka arobaini na minne, naitwa binti. Sikukasirika.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mungu wangu.

Saa tatu asubuhi, Mwalimu tena. Mgonjwa anatoa povu. Povu? Kutoka mguuni? Akasema kutoka mdomoni, binti, tangu lini povu likatoka mguuni? Nilifika baada ya dakika kumi na moja, viatu mkononi.

Mbwa alikuwa mlangoni, anatikisa mkia. Mwalimu alikuwa kitini, bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mapajani mwake, ndani ya taulo, kichwa cha paka mweupe. Povu mpaka kidevuni. Macho yananitazama mimi.

 Nikauliza kwa nini amempa paka dawa ya mbwa. Akanyanyua tyubu, akaniomba nisome kwa sauti. Nikasoma. Paka. Dawa. Mara tatu kwa siku.

Akauliza: hilo neno la kwanza, ni nomino au kitenzi?

Nikasema ni kitenzi, kila mtu anajua. Akasema yeye amesahihisha insha miaka thelathini na mbili, na nyumbani kwake kuna paka, na paka huyo jina lake ni Paka. Akaona ajabu mbwa aoshwe kidonda halafu paka apewe dawa, lakini nani yeye abishane na mtaalamu? Ungeandika "Mpake mbwa", akasema, herufi tisa tu. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. Nilitaka ardhi ipasuke.

Joto la paka thelathini na nane nukta sita. Nikamsafisha mdomo. Povu halikukoma. Dawa ile ni ya ngozi. Imeingia tumboni mara ngapi? Mwalimu akasema mara tano, alikuwa mwaminifu. Nikajua ni lazima Daktari aulizwe. Nikajua pia kwamba nikimuuliza, lalamiko limefika, tena limepelekwa na mimi mwenyewe!

Dakika nne nilisimama jikoni kwa Mwalimu. Kisha nikaminya pua, nikapiga kliniki kama mama fulani mwenye paka. Bibi Daftari akapokea. Akauliza mnyama ana hali gani. Nikasema, kwa pua, kilo nne nukta mbili, joto thelathini na nane nukta sita, mapigo mia moja themanini, amekula gramu sita kwa dozi tano.  Kisha akasema, hujambo muuguzi, achia pua yako, sema uko wapi, Daktari anachukua mkoba.

Daktari alimpima, akampa dawa, akasema atapona, asiachwe peke yake leo. Akasoma lebo. Akanitazama. Akairudisha tyubu mezani taratibu. Bora angenitukana.

Nilikaa na paka saa tano, nampa maji kwa bomba la sindano, mililita mbili kila robo saa. Katika dozi ya kumi na tatu aliniuma. Nilifurahi hadi machozi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Paka amekula. Kidonda cha mbwa, kilichokuwa sentimita tatu, leo ni moja. Bila dawa hata tone! Nimeduwaa. Mama mkwe akasema basi mwanangu, wagonjwa wako wakae mbali na wewe, watapona wote.

Mwalimu anaandika barua kwa Daktari. Nilimwona. Ukurasa wa tatu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilikwenda kliniki. Bibi Daftari ameshajaza ukurasa wangu, pande zote mbili. Akamkabidhi Daktari barua ya Mwalimu kama anamkabidhi kombe.

Daktari akaisoma kwa sauti. "Siwasilishi lalamiko. Nawasilisha masahihisho." Kurasa mbili na nusu za sarufi! Mwishoni akaandika kwamba muuguzi alikuja bila viatu miguuni, akakaa na mgonjwa kuliko ndugu. Alama: kumi na tisa juu ya hamsini, ajitahidi.

Bibi Daftari akasema masahihisho ni lalamiko lililovaa tai. Daktari akamwambia afute. Akanigeukia. Akasema ningenyamaza ili kulinda sahihi yangu, asingenisamehe. Hata kwa pua, nilipiga. Lakini lebo ile asiione tena kwenye dawa ya mbwa.

Akasaini! Nilitoka mbio kabla hajabadili nia.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeamka na lebo mia moja tisini na tisa. Nizitupe? Mimi? Daktari alisema dawa ya mbwa. Maneno yana maana, Mwalimu mwenyewe shahidi. Basi mpango: kuanzia leo nahudumia paka tu! Isome kama nomino, sawa. Isome kama kitenzi, sawa. Lebo haiwezi kukosea.

Nimeanza asubuhi. Paka wa jirani ana kikohozi. Nimempa jirani chupa ya dawa ya kunywa, nimebandika lebo, sekunde mbili.

Sasa hivi jirani amepiga simu. Chupa imeisha nusu, paka ananata, nzi wamejaa. Anauliza ampake na tumboni, au mgongo unatosha.

Nimeshangaa! Watu wa mji huu hawajui kusoma.