Ukurasa wa 48

Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2003

Daftari, nisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Si uvivu. Kwanza tulikimbia vita. Kisha tulirudi. Kisha kalamu ilikwisha wino. Kisha nilipata kalamu mpya na mutoto akaimeza. (Kifuniko tu. Kilitoka.)

Habari zetu: mimi na Plamedi wangu, mwaka mmoja na nusu, tuko Mudzipela, hapa Bunia, katika chumba cha kuazima. Baba yake, Gaspard, iko Ariwara anauza sabuni. Anatuma salamu kwamba barabara ni mbaya. Malori yanapita barabara hiyo hiyo, lakini sawa. Tunalala juu ya gunia, na chini ya gunia ni simenti. Mutoto anakohoa kila usiku. Kinachomkohoza ni ile simenti, mimi najua.

Sasa sikia. Papa Félicien, mwenye butiki ya pembeni, alinunua magazeti ya Kifaransa kwa kilo, ya kufungia vitu. Mazuri anajiwekea. Kila Jumamosi anabandika mlangoni mambo ya kuchezea akili, eti mtu akikaa bure mwisho wa juma anaanza kuokota uvumi. Leo aliweka samaki anayetembea nchi kavu. (Nani alimwona?) Aliweka pia mama aliyezaa mapacha, mmoja mwaka huu, mwenzake mwaka mwingine, kwa sababu saa sita ya usiku ilipita katikati. (Hiyo naamini. Maskini mama yule.)

Na chini kabisa, fumbo lenye zawadi. Zawadi ni matela, godoro! Ya sponji, nzima, bado iko ndani ya plastiki. Hakuna anayeinunua. Sufuria unaweza kukimbia nayo kichwani, lakini matela?

Fumbo lenyewe: Madame mmoja tajiri anakaa etaji ya tano, ghorofa ya juu. Kila jioni anaficha mkufu wake wa dhahabu mahali papya kwa kuogopa wezi. Asubuhi moja mkufu hakuna. Mlango umefungwa kwa ndani. Nyumbani iko mupishi, mpwa wa Madame na dada wa kazi. Mkufu umekwenda wapi? Jibu liko ukurasa wa 48, na Papa Félicien ameukata. Tulete majibu kwa karatasi Jumamosi ijayo, saa nne.

Matela hiyo ni ya Plamedi. Nimeamua.

Jumatatu, tarehe 3

Mtaa mzima umekuwa polisi. Mama Scholastique anaapa ni mpwa, maana yeye amelea wapwa watano na anawajua. Wengine wanasema dada wa kazi, kwa kuwa amefika juzi na hakuna anayejua kwao. Mimi sijasema kitu. Anayesema anaibiwa jibu.

Nilimpelekea Papa Félicien sombe yetu yote, majani ya muhogo sahani nzima, nimlainishe. Alikula. Akalamba vidole. Akasema ina upungufu wa chumvi. Nikauliza, kama mtu asiyejali, zile karatasi anazokata zinakwenda wapi. Akacheka: "Mama Plamedi, karatasi inakwenda kwa kalanga!"

Nimeelewa. Kalanga ni Régine.

Régine ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ana watoto watatu na beseni moja la kalanga, anazifunga kwa karatasi za Papa Félicien. Anacheka tangu asubuhi mpaka giza. Mtu anayecheka hivyo wakati wa vita, kuna kitu anaficha.

Jumanne, tarehe 4

Mpango: kununua kalanga mpaka ukurasa wa 48 utoke.

Pesa sina. Nilimpa Régine kioo changu cha harusi. Nikamwambia nina hamu ya kalanga. Akaniangalia tumbo, akauliza Gaspard alirudi lini. Mwanamke mchokozi! Niliomba pakiti kumi na tano. Akasema kioo ni kikubwa kuliko hizo, chukua ishirini. Ishirini! Kwa nini anakuwa mwema hivi? Anataka nisimtilie shaka. Nimemtilia.

Nimefungua zote. Ukurasa wa 9: mitindo ya nywele. Ukurasa wa 22: maneno ya kujaza kwenye vyumba, mtu amekwisha kuyajaza, tena vibaya. Ukurasa wa 31: namna ya kupika konokono! Nilisoma mara mbili kuhakikisha. 48 hakuna. Usiku tulikula mchuzi wa kalanga bila sombe. Sombe iko tumboni mwa Papa Félicien.

Jumatano, tarehe 5

Masasi ya bunduki tangu saa nane ya mchana, upande wa uwanja wa ndege. Tulilala chini mpaka jioni. Simenti ilikuwa baridi, nikamlaza Plamedi juu ya kifua changu nikawa matela mimi mwenyewe. Alikohoa hata hivyo. Nilimwambia anyamaze, kisha nikamwomba msamaha.

Régine aligonga ukuta, akauliza kama bado tuko wazima. Nikajibu tuko. Kisha nikaweka sikio ukutani. Karatasi zilikuwa zinalia, kra kra. Watu wanapiga masasi, yeye anasoma!

Alhamisi, tarehe 6

NIMEUPATA.

Kitambaa changu cha kichwa, kile cha kijani, kwa pakiti sita. Ya tano ilikuwa ukurasa wa 48. Chini, kwa herufi ndogo, zimegeuzwa miguu juu: "Jibu la fumbo. Ni mutunza bustani. Aliegemeza ngazi akapita dirishani."

Fumbo la mlangoni kwa Papa Félicien halina mutunza bustani yeyote. Nilifikiri sana. Ndipo nikaona ujanja wao. Mtu ambaye hakutajwa ndiye wa kuogopwa! Tunaoishi Bunia tulipaswa kujua hilo kabla ya wote. Na etaji ya tano? Ngazi ndefu. Ulaya wana kila kitu.

Jioni nilimnong'oneza Régine, kama rafiki, kwamba ni mupishi. Akashukuru. Akampa Plamedi ndizi. Nimeikagua ndizi. Ilikuwa ndizi.

Jumamosi, tarehe 8

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Watu walijaa mbele ya butiki. Papa Félicien alisoma majibu kwa sauti. Mpwa, mpwa, dada wa kazi, mupishi, mpwa. Kisha langu. Alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mutunza bustani, kwa ngazi." Akaniangalia. "Mama Plamedi, hiyo ngazi ulimshikia weye?"

Walicheka mpaka vijana wa bariyere, wale wanaofunga barabara, walikuja kutazama kuna nini. Muzee hakuniachilia. Akasema anamjua huyo mutunza bustani, ni wa gazeti la Machi, alikuwa ameiba saa. Gazeti hili ni la Agosti. Na ukurasa wa 48 wa Agosti? Aliutoa katika mfuko wa shati lake. Juma zima ulikuwa pale! Nilikuwa nautazama huku anakula sombe yangu!

Jibu moja tu lilikuwa la kweli. La Régine. Aliandika: "Mwizi hakuna. Madame aliuficha mwenyewe, akasahau wapi." Mkufu ulikuwa ndani ya kopo la kahawa.

Wakamuuliza alijuaje. Akasema mwezi wa tano, kabla ya kukimbia, alizika sufuria mbili nyuma ya nyumba, na mpaka leo anachimba. Mama Scholastique akasema: "Ee, na mimi redio yangu!" Mwingine akataja mashini ya kushona. Kila mtu akawa na shimo lake. Mimi shimo sina. Pasi yangu ilipotea mwezi huo huo, lakini yangu iliibwa.

Régine aliondoka na matela kichwani, anacheka.

Jumapili, tarehe 9

Jana jioni Régine aligonga mlango. Mkononi, kisu cha sombe! Nikamweka Plamedi nyuma yangu. Akaniuliza nina nini, akaingia akiburuta matela, akaipasua katikati, kri kri, akaniachia nusu. Akasema amesikia ukuta ukikohoa miezi mitatu, na hata yeye anataka kulala. Kioo na kitambaa cha kijani pia amerudisha, eti kalanga hazikufika bei hiyo.

Plamedi alilala tangu saa mbili mpaka kulipopambazuka. Hakukohoa hata mara moja. Mimi nilikaa macho nikimsikiliza. Nililia kidogo.

Asubuhi Régine alipokwenda misa, nilipima. Nusu yangu ina shibiri tano. Nikachungulia dirishani kwake, nikapima kwa macho. SITA! Nilijua. Anayeshika kisu anajua anakata wapi. Na kioo, ninaona kina alama pembeni ambayo sikumbuki.

Roger, dereva, anapeleka lori Ariwara kesho kutwa. Orodha ninayomtumia Gaspard ninainakili hapa, asije akasema sikuomba:

Dawa ya maji ya kikohozi, chupa moja, hata kama mutoto hakohoi.
Blanketi moja, isiyo ya kijeshi.
Chumvi, kilo moja.
Kufuli kubwa, funguo mbili, zote mbili kwangu.
Mita ya fundi wa nguo, mpya, isiyovutika. Asiulize ya nini.
Sabuni, vipande vitatu: viwili vyetu, kimoja cha Régine. Ningempa viwili, lakini shibiri moja ni shibiri moja.