Ahirisho la Bangwe

Leo nimeaibika mbele ya jaji, mahakimu na mawakili wa Kigoma nzima, na kila kitu kimerekodiwa. Acheni nisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa na wenye chumvi zao.

Mnajua nilikuwa kwenye kongamano. Ushahidi wa kielektroniki: namna mawakili wanavyosaka barua pepe, meseji na mafaili ya kompyuta kwenye kesi, wakakabidhiana, na jaji akajua kipi ni cha kweli na kipi kimechezewa. Hoteli iko Bangwe, ukumbi wa juu, madirisha yote yanatazama ziwa. (Aliyepanga mada za sheria mbele ya Ziwa Tanganyika naye ashtakiwe.)

Nilikwenda na shida yangu. Asubuhi Mheshimiwa Jaji alitangaza kwamba jioni atachagua wakili mmoja wa kuzunguka na mtoa mada wilayani, waanzie Kasulu, waende Kibondo, kuwafundisha wenzetu. Nikasema huyo ni mimi! Kasulu ndiko kwao Neema, mchumba wangu, na baba yake ni karani wa mahakama kule. Nilipokwenda kujitambulisha, mzee alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Wakili? Mbona hatujawahi kukusikia?" Iliniuma, siwafichi. Nilitaka anione nimesimama mbele ya mahakimu wake, kipaza sauti mkononi, nashusha vifungu.

Asubuhi niling'ara. Niliuliza swali la maana, Jaji mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Mtoa mada, dada mmoja kutoka Dar mwenye sauti laini ya mtangazaji wa vipindi vya usiku, akanisifu mbele ya watu. Nikajiona nimeshafika Kasulu.

Kikaja chakula cha mchana. Samaki wa mgebuka kwa mawese, ugali wa muhogo. Nikaongeza. (Nani alinituma?) Joto likanizidi, nikavua koti nikalitundika kwenye kiti kule varandani, nikarudi ukumbini na shati tu, nikakaa dirishani.

Mada ya mchana ilikuwa jinsi ya kutafuta nyaraka chache kwenye mafaili maelfu kwa maelfu. Yule dada akasema taratibu, "Msichote ziwa zima. Washeni taa, waacheni dagaa waje wenyewe, ndipo mchote." Jamani! Mtu ameshiba, yuko dirishani, upepo unampapasa shingo, halafu unamwambia maneno hayo? Nikatazama nje. Maji yametulia, bluu inayeyuka ndani ya bluu, na milima ya Kongo kule ng'ambo inaonekana kidogo, inapotea, inaonekana tena. Boti ya Kagunga inakwenda bila sauti. Nikasema nifumbe macho kidogo, nisikilize vizuri zaidi.

Nikawa ziwani. Natembea chini ya maji, napumua, suti haijalowa hata uzi. Barua pepe zinanipita makundi makundi, zinameremeta kama dagaa, kila moja na muhuri wake wa mahakama. Mteja wangu (sijui hata ni nani) amekaa kwenye jiwe anapiga soga na samaki mmoja mkubwa, kuhe, hana haraka na kesi. Juu kabisa, kwenye mwanga, Neema anaogelea, na kivuli chake kinanipita usoni. Raha iliyoje! Sijawahi kuipenda kazi yangu kiasi kile.

Kutoka mbali sana, juu ya maji, nikasikia sauti ya mwanamke: "Kooooti!"

Kwa wasio wanasheria: jaji akiingia mahakamani, mhudumu wa mahakama hupaza sauti, "Koooorti!" na wote tunasimama, tunainama. Wakili hasikii neno hilo akabaki amekaa. Kichwa kinaweza kulala, miguu hailali.

Nikasimama. Nikainama mpaka paji la uso likagonga meza. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa nimeiwekea kesi kubwa, "Ikupendeze Mheshimiwa Jaji, tunaomba ahirisho. Mteja wangu yuko majini."

Nikafumbua macho. Mlangoni amesimama mama wa hoteli, Muha wa hapahapa Bangwe, ameshika koti langu kwa vidole viwili. "Koti, jamani! Koti hili ni la nani? Upepo ulikuwa unalipeleka ziwani!"

Ukumbi ukalipuka. Hakimu mmoja wa Kasulu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jaji peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Wakili msomi, mteja wako anatarajiwa kutoka majini lini?"

"Mheshimiwa," nikajibu (na hapo nimeshaamka, naapa), "sijapata maelekezo yake."

"Ahirisho limekubaliwa. Chukua koti lako."

Yule mama akanivisha kabisa, mkono huu, mkono huu. "Ego, ndiyo, ni lako. Pole, mwanangu." Huruma yake iliniumiza kuliko vicheko.

Nikadhani yameisha. Kumbe mtoa mada alikuwa anarekodi tangu asubuhi, na mashine yake inaandika kila kinachosemwa. Maneno yakatokea ukutani, makubwa: MSEMAJI ASIYEJULIKANA: MTEJA WANGU YUKO MAJINI.

"Huu ndio mfano niliokuwa nautafuta!" yule dada akasema kwa furaha ya kweli. "Rekodi halisi, mashahidi wapo. Tutawaonyesha watu namna ya kuthibitisha kwamba haijachezewa." (Mimi natamani mtu aichezee!)

Jaji akanigeukia. "Wakili, una pingamizi lolote rekodi hii ikitumika kufundishia?"

Hapo, ndugu zangu, ningeweza kujiokoa. Neno moja tu, "ninalo," na yangeishia palepale Bangwe. Lakini kila siku mahakamani, upande wa pili wakileta kielelezo, naulizwa swali hilohilo, na mdomo umeshazoea njia.

"Sina pingamizi, Mheshimiwa."

Nikaikumbuka Kasulu neno limeshatoka.

Jioni Jaji akamtaja aliyechaguliwa: mama mmoja wakili wa Ujiji, aliyekunywa chai tupu mchana. Atazunguka wilaya zote na mtoa mada, na rekodi yangu kwenye kompyuta. Nikapiga makofi kama wengine.

Nikatoka nje kumpigia Neema, nimweleze mwenyewe kabla rekodi haijafika. Sikumaliza hata salamu.

"Subiri," akasema, anajikaza asicheke. "Baba yuko hapa. Anauliza, mteja ameshaopolewa?"

Basi naombeni ninyi msicheke. Ukweni wanatosha.