Diski Ilisema Tayari

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Mvua nyepesi. Bado mimi ndiye mtunza sauti wa chama chetu cha wahamiaji. Simulizi za wazee wote tuliokuja huku zimo katika kompyuta moja ya mfumo wa Linux, kwenye kijichumba nyuma ya ukumbi. Fundi Redio, mstaafu mwenzangu, anakimezea mate kijichumba hicho. Kawaambia wanachama kwamba mtambo wangu unatambaa. Unatambaa kweli. Lakini si yeye wa kusema.

Ijumaa dada yangu mkubwa, aliyebaki kwetu, anapasuliwa koo. Daktari hakuahidi kwamba sauti itarudi. Alhamisi atanisimulia, kwa simu, habari za mama yetu. Mama alifariki nikiwa mdogo mno. Hata uso siukumbuki.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwita Fundi aje ashuhudie kasi. Kabla hajafika nikafungua faili kubwa. Likachukua muda wa kunyoa ndevu zote. Alipofika nikalifungua tena. Paa! Papo hapo. Fundi akacheka kwa pua. Akasema mashine imesoma kashe, yaani kumbukumbu yake ya muda. Diski hazijagutuka hata. Akaandika amri moja, kashe ikasafishwa, faili likarudia kutambaa.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “umenipashia kiporo, unaniambia umepika.”

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Mashine huweka mafaili mapya kwenye kashe, kisha huyateremsha diskini. Nimeiruhusu ikawie kuyateremsha kadiri ipendavyo. Sasa inasema tayari upesi, kama tarishi anayeapa barua imefika ilhali iko mfukoni mwake. Maelekezo yanaonya: usithubutu bila betri ya dharura, maana umeme ukikatika, kilicho kwenye kashe hupotea. Betri ninayo, chini ya meza. Wananionaje?

Alhamisi, 6 Machi
Dada kasimulia asubuhi nzima, sauti imejaa mchanga. Mama alikuwa akigombana na kuku wake kama majirani. Mama alimtimua mkaguzi wa shule kwa ufagio. Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka.

Nikamimina rekodi kutoka simu yangu hadi mtamboni. Tayari! Simu ilikuwa imejaa, nikaifuta rekodi humo. Nikaona nijipongeze kwa chai. Tundu pekee la umeme lililokuwa wazi ni lile la betri. Nikachomeka birika. Betri ikaelemewa, ikalia mara moja, ikazima, na mtambo nao ukazima. Maji hayakuwa hata vuguvugu.

Mtambo ulipowaka, jina la faili lilikuwepo. Ndani, tupu.

Nikamwita Fundi. Kumwita yeye! Hakunicheka, hilo liliniuma zaidi. Alihangaika mpaka miwani ikaingia ukungu, kisha akasema polepole, “Mpigie. Sauti bado anayo.”

Nikamwambia dada simu ilikatika.

“Mwongo wewe,” akasema. “Sina pumzi ya kurudia yote. Nakupa moja. Ulipokuwa ukiiba sukari, mama alikuwa macho. Alijifanya amelala. Alisema unaiba vibaya mno, kheri uonwe na yeye kuliko na mwingine.”

Fundi alirekodi kwa simu yake bila kuombwa. Akanakili mara tatu. Kujionyesha tu.

Jumapili, 9 Machi
Dada yu salama. Sauti haikurudi. Chama kimempa Fundi ufunguo wa kijichumba. Wamepiga kura kwa mikono juu, hata binti yangu mwenyewe. Fundi amerudisha mipangilio ya zamani. Mtambo unatambaa tena. Aibu tupu! Ila hakubadilisha neno la siri la mtambo. Alipokwenda kunawa mikono, nikarudisha kasi. Kesho atajiuliza imetoka wapi, na mimi nitakohoa kidogo.

Jioni dada ameniandikia ujumbe. Anasema yaliyobaki ya mama ni marefu, vidole vyake vinachoka. Niende kwetu, atayaandika taratibu nikiwa nimekaa pembeni yake. Nimemjibu kwamba mtambo hauwezi kuachwa peke yake, na kwamba nikipata nafasi tu nitafunga safari.

Sitarudi.