Muhuri wa Kiazi

Jumatatu, 4 Julai 1949. Tabora.
Koleta kapita mbele ya kibanda changu asubuhi, cherehani kichwani. Hakugeuka. Nilikuwa kwenye ngazi nachora bango la kinyozi. Mkono ukateleza, kinyozi akapata sikio la tatu. Mwenye bango amekasirika. Shauri yake! Mimi nilikuwa bado nautazama mgongo wa Koleta.

Habari mbaya. Silasi, karani wa stesheni ya Usoke, amepeleka posa. Jumamosi Koleta anapanda treni kwenda kwa shangazi yake hukohuko Usoke, kutoa jibu. Silasi! Mtu asiyeweza kuchora hata yai. Ana kofia na filimbi, basi.

Nimepata wazo. Koleta anapenda nguo zenye maneno. Nitamtengenezea yake peke yake, ambayo haijapata kuonekana tangu Ujiji mpaka Bagamoyo!

Jumanne, 5 Julai.
Nimechonga muhuri kwenye kiazi kitamu, kikubwa kuliko vyote shambani kwa Mama. Nilitaka KOLETA MPENZI WANGU AMUA UPESI NATESEKA. Nafasi imetosha AMUA tu. Afadhali. Neno moja, lakini zito.

Nikaenda kuchemsha utomvu wa mninga nipate rangi nyekundu. Kurudi, kiazi hakipo! Mama amekichemsha na wenzake, akavikata, akavianika. Muhuri wangu umekuwa matobolwa. Nikamwuliza kama hakuona maandishi. Akasema aliyaona, akadhani ni kazi ya wadudu.

Jumatano, 6 Julai.
Kiazi kipya. Nimekichonga huku nimefunga mlango. Nimepiga chapa kitambaa kizima cha amerikani, pindo hadi pindo. Kinapendeza mno.

Nimekipeleka kwa Mzee Darwesh, mwenye duka, anikagulie. Yeye kasomea herufi za Kiarabu tangu utotoni, na hata hizi zetu huzianzia upande wa kulia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa miwani. Kidole kikaanza kulia, kikatambaa, akasoma bila kukwama: amua. Akausifu mwandiko. Akauliza mtu aamue nini. Nikaona haya, nikaaga.

Nimerudi kwa njia ya kwao Koleta, ingawa si njia yangu. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Nimesimama nje ya ua mpaka iliponyamaza. Jamani, nampenda yule binti.

Alhamisi, 7 Julai.
Mama kampelekea nguo. Sijala.

Ijumaa, 8 Julai.
Aibu! Koleta kajifunga nguo yangu kwenda sokoni. Watu wakasoma AUMA. AUMA mbele, AUMA nyuma, AUMA mpaka kwenye vifundo vya miguu! Muuza dagaa akamwuliza ni nani huyo anayeuma. Watoto wakamsindikiza wakibweka.

Bertila, dada yake, amekuja kunieleza. Anasema muhuri huchongwa kinyume ili neno litoke sawa. Upuuzi. Mji mzima, anayejua kusoma ni Mzee Darwesh peke yake.

Lakini Bertila akaendelea. Koleta alicheka mpaka akakaa chini, na nguo harudishi. Bado hajamkubali Silasi. Kama nina neno, nikaliseme kwa mdomo kesho stesheni, kabla treni haijaondoka. Atanisubiri.

Atanisubiri! Nimelia mbele ya Bertila bila kuona haya. Kwa mdomo. Mbona sikuwaza hilo mapema?

Jumamosi, 9 Julai.
Nimeamka na jogoo kutengeneza mdomo. Magazeti, uji wa muhogo, fito. Upana wake kama mlango. Ukivuta kamba unafunguka, na ndani, kwenye ulimi, pameandikwa NAKUPENDA. Nitausimamisha mbele ya behewa lake. Silasi na apulize filimbi yake!

Rangi inakawia kukauka kwa baridi hii. Mama kaenda stesheni, karudi anahema. Anasema treni imeingia, Koleta hajapanda, amesimama peke yake na nguo yangu mabegani, anatazama njia ya huku. Anasema niache takataka hizi nikimbie. Nimemwomba asiniharakishe, mdomo wa juu bado mbichi.

Treni imepiga honi. Imepiga tena, mbali, upande wa Usoke.

Nimekaa chini nimelia sana. Halafu nimeinua macho, nikaona kosa lilipo. Mdomo hauna meno. Naanza meno.